Kulala usiku mmoja juu mlimani: kwa nini aliye na pumzi kuliko wote ndiye aliyeugua?

Swali: «Daktari, pokea salamu zangu. Sisi ni marafiki watano, na mwezi ujao tunapanga kupanda mlima mrefu na kulala huko usiku mmoja. Tutatoka nyumbani, karibu na usawa wa bahari, kwa gari hadi mwanzo wa njia uliopo mita 2,600. Siku hiyo hiyo tutatembea hadi mita 3,900 na kupiga hema. Saa kumi alfajiri tutaondoka kuelekea kileleni, mita 4,500, kisha tutashuka moja kwa moja. Mwaka jana katika safari kama hii mwenzetu mmoja, ambaye ni mkimbiaji na ana pumzi kuliko sisi sote, aliumwa kichwa usiku kucha, akatapika mara mbili na kushindwa kula. Tulimwambia hakunywa maji ya kutosha. Asubuhi aliposhuka akapona kabisa. Sasa anataka kuja tena. Baadhi yetu wanasema abaki, wengine wanasema usiku mmoja tu hauwezi kumdhuru mtu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuongoza. Je, tatizo lake ni nini hasa? Kuna dawa, au tubebe mikebe ya oksijeni? Na akiugua saa nane za usiku, tushuke gizani au tusubiri kupambazuke?»

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, na ni heri imekujia sasa, mngali na nafasi ya kubadilisha mambo. Nitaanza na swali la tatizo lenyewe, kwa sababu mengine yote yanategemea jibu lake. Kwa maelezo uliyotoa, mwenzenu alipatwa na ugonjwa wa mwinuko wa aina ya kawaida: maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika, dalili ambazo humwanza mtu saa chache baada ya kufika juu ya mita 2,500 hivi, na mara nyingi hupamba moto usiku wa kwanza. Siwezi kumpima kwa maandishi, lakini kule kupona kwake haraka baada ya kushuka ni ushahidi mzuri. Hakuwa mdhaifu wala hakudeka, na sidhani kuwa maji ndiyo yaliyomponza.

Imani kwamba mtu mwenye mazoezi analindwa na mazoezi yake ni ya kawaida sana, na ndiyo inayowaumiza vijana wengi wenye afya njema. Mazoezi humwezesha mtu kutembea kwa saa nyingi bila kuchoka, humpunguzia hatari ya kujikwaa wakati wa kushuka, na kwa hiyo yana thamani kubwa. Lakini hayaufundishi mwili kuishi na oksijeni kidogo. Kasi ya kila mtu kuzoea mwinuko ni ya kimaumbile na haionekani kwa macho. Tena mwenye nguvu ana mtego wake wa pekee: kwa kuwa miguu inamruhusu, hupanda haraka kuliko wenzake, hufika kambini mapema akiwa ametumia nguvu nyingi, na hukaa mwinukoni kwa muda mrefu zaidi kabla ya usiku kuingia. Kipimo kizuri cha hatari yake ni kile kilichompata mara iliyopita katika mwinuko kama huo na kwa mwendo kama huo, na katika hilo mwenzenu ameshatoa jibu.

Sasa tuangalie kinachotokea mwilini. Watu husema kwamba juu mlimani oksijeni imepungua hewani, na kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile kila mahali, karibu asilimia 21, ufukweni na kileleni. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Hewa ya chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake, kama blanketi la chini katika rundo la mablanketi. Ukipanda, mzigo wa juu unapungua na hewa inatawanyika, hivyo kila pumzi unayovuta inabeba chembe chache zaidi za oksijeni. Katika mita 2,600 kanieneo ni kama asilimia 73 ya lile la usawa wa bahari; kwenye mita 3,900 mlipokusudia kulala ni kama asilimia 62; kileleni penu itakuwa kama asilimia 57. Padre Mhispania José de Acosta alikuwa ameshachapisha mwaka 1590 maelezo ya jinsi yeye na wenzake walivyougua na kutapika wakivuka milima ya Andes, akahisi kwamba hewa ya huko ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu. Lakini ilibidi kusubiri hadi mwaka 1878 ndipo Mfaransa Paul Bert aonyeshe kwa majaribio kwamba tatizo ni upungufu wa kanieneo la oksijeni.

Mwili hautulii ukiona hali hiyo. Kuna vihisio vidogo shingoni, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, ambavyo hutambua kwamba oksijeni imepungua na kuuamuru mwili upumue kwa kasi na kwa kina. Hapo ndipo linapozuka tatizo la pili. Ukipumua sana unaitoa nje kabonidayoksaidi nyingi, na damu ikipoteza kabonidayoksaidi inapoteza tindikali, kisha ubongo unalisoma badiliko hilo kama ishara kwamba unapumua kupita kiasi, nao unakanyaga breki. Kwa hiyo kuna amri mbili zinazopingana: moja inasema pumua zaidi, nyingine inasema punguza. Zinazosuluhisha ugomvi huo ni figo, ambazo hutoa bikaboneti, aina ya chumvi inayopunguza tindikali ya damu, kupitia mkojo na kurudisha damu katika uwiano wake, lakini kazi hiyo huchukua siku, si saa. Wengi hudhani kwamba kuzoea mwinuko ni kuongezeka kwa damu. Chembe nyekundu mpya huchukua wiki kadhaa, na kwa safari kama yenu hazina msaada. Kinachowafaa ninyi ni pumzi na figo, na vyote viwili vinahitaji muda ambao mpango wenu haukuvipa.

Usiku mambo huwa magumu zaidi, na ndiyo maana sisi tunaoshughulika na maradhi haya tunauliza kwanza mtu analala mita ngapi, kabla ya kumuuliza alifika mita ngapi. Ukiwa macho unaweza kujilazimisha kupumua. Ukisinzia, breki niliyoieleza inashika, pumzi inapungua na hata kusimama kwa sekunde kadhaa, oksijeni inashuka, kisha mwili unashtuka na kuvuta pumzi kubwa mfululizo, halafu mzunguko unaanza upya. Msiogope mkimsikia mwenzenu akipumua hivyo usingizini, kwa kuwa peke yake si dalili ya ugonjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba ubongo unapitisha usiku mzima na oksijeni kidogo kuliko wakati wa mchana. Mishipa yake ya damu hutanuka ili kuvuta damu zaidi, na kichwa kinauma. Aliyesema usiku mmoja hauwezi kumdhuru mtu ana haki kwa upande mmoja tu: aina kali za ugonjwa huu, yaani maji kujaa mapafuni na ubongo kuvimba, huwapata zaidi watu waliokaa juu siku mbili au zaidi. Ugonjwa wa kawaida, kinyume chake, wakati wake ni huo huo usiku wa kwanza. Na aina kali, ingawa ni nadra katika safari fupi, haziko nje ya uwezekano kwa mtu anayeendelea kupanda huku akiwa tayari anaugua. Kuondoka saa kumi alfajiri kuelekea mita 4,500 na kichwa kinachouma ndiko kupanda kwenyewe huko.

Kuhusu maji, niseme wazi ili msije mkamtesa tena. Hewa ya mlimani ni kavu, mtu hupoteza maji mengi kwa kuhema na kutoka jasho, na upungufu wa maji unaweza kuleta maumivu ya kichwa yanayofanana na haya. Kwa hiyo kunywa kwa kadiri ya kiu, na kuhakikisha mkojo una rangi ya manjano hafifu, ni jambo jema. Lakini maji hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Kumlazimisha mtu kumeza lita baada ya lita kunaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege, na gizani hemani hakuna atakayeweza kutofautisha hilo na ubongo uliovimba. Akianza kuumwa kichwa, mpeni maji kiasi, chakula chepesi na dawa ya kawaida ya maumivu. Maumivu yakiisha kabisa na hakuna dalili nyingine, huenda yalikuwa uchovu au kiu. Yakibaki, au yakifuatana na kichefuchefu, yahesabuni kuwa ni mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.

Kosa kubwa, basi, liko katika ratiba, na ningekuwa mimi ndiye kiongozi ningeirekebisha kabla ya kufikiria dawa yoyote. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kwamba mtu anayetoka nchi ya chini asiruke moja kwa moja kwenda kulala juu sana. Ninyi mnatoka usawa wa bahari na kulala mita 3,900 siku ile ile, jambo linalowaweka wote watano katika kundi la hatari kubwa, achilia mbali yule mwenye historia. Usiku mmoja tu wa kulala pale mwanzo wa njia, mita 2,600, kabla ya kuanza kupanda, ungebadilisha sana hali. Zaidi ya hapo, tafuteni mahali pa kupiga hema chini ya mita 3,400, mfike kileleni kutoka hapo na kurudi kulala chini au kushuka kabisa. Kupanda juu na kulala chini ni desturi ya zamani ya wapanda milima, na sababu yake ndiyo hiyo niliyoieleza ya pumzi za usingizini.

Pendekezo hilo lina gharama, nami sitazificha. Siku ya kileleni itakuwa na mita 1,100 au zaidi za kupanda badala ya 600, mtaondoka mapema zaidi, mtachoka, na milima mingi mirefu hukusanya mawingu na radi mchana. Kwa sababu hiyo pangeni mapema saa ya kugeuka, kwa mfano saa tano asubuhi, na iwe saa ya kugeuka popote mtakapokuwa, hata kilele kikiwa mbele ya macho yenu. Kama kundi halina nafasi ya kuongeza usiku hata mmoja, basi chaguo la heshima ni kulala mita 2,600, kutembea kesho yake hadi mnapoweza, na kurudi. Mtakosa kilele, ila mtakuwa mmelala mlimani pamoja, na kwa maelezo yako nahisi hilo ndilo mnalolitafuta.

Nije kwenye dawa. Ipo dawa inayoitwa asetazolamaidi ambayo imetumika kwa miongo mingi kuzuia ugonjwa huu, na namna inavyofanya kazi inapendeza kuielewa. Inazifanya figo zitoe bikaboneti mapema, yaani inafanya kwa saa kadhaa kazi ambayo mwili ungeifanya kwa siku, hivyo breki ya pumzi inalegezwa na mtu anapumua vizuri zaidi usingizini. Kuna wanaosema kwamba inaficha dalili na kumdanganya mgonjwa. Si kweli: inaharakisha kuzoea kwenyewe, na mtu akiugua huku anaitumia, dalili zake ni za kweli na zichukuliwe kwa uzito ule ule. Kwa mtu mzima kiwango cha kuzuia ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itamfanya akojoe mara kwa mara, vidole na midomo vitachonyota, na vinywaji vyenye gesi vitakuwa na ladha mbaya. Hayo si ya kutisha. Hata hivyo asiinunue na kuimeza kwa ushauri wako wala wangu wa maandishi. Aonane na daktari, hasa kama amewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa, ana maradhi ya figo au ini, au ni mjamzito, na amuulize kama inafaa ajaribu dozi moja au mbili nyumbani kabla ya safari ili madhara madogo yasije yakamshangaza mlimani.

Dawa inapunguza uwezekano wa kuugua, haiuondoi. Ninachokihofia ni mkisema «amekunywa dawa» kisha mkabaki na ratiba ile ile ya mwaka jana. Kama mtafanya moja tu kati ya mawili, rekebisheni ratiba. Kwa mwenzenu mwenye historia ningefanya yote mawili. Na kwa swali la kama abaki nyumbani: hapana, sioni sababu ya kumwacha, ikiwa ratiba itabadilika, ataonana na daktari, na nyote mtakubali kwamba safari inaweza kukatizwa kwa ajili yake.

Mikebe midogo ya oksijeni iacheni. Mtu aliyetulia huvuta hewa ya lita sita hadi nane kwa dakika, na anayehema huvuta zaidi sana, kwa hiyo mkebe wenye lita chache za oksijeni huisha baada ya dakika chache tu, na baada ya hapo hali inarudi palepale. Mtungi halisi wenye barakoa na mtu aliyefunzwa kuutumia ni jambo jingine, nao ni wa kumsaidia mgonjwa wakati anateremshwa. Kile kipimo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni mnaweza kukibeba, lakini kidole chenye baridi hukifanya kidanganye, na watu wenye afya hutofautiana sana katika mwinuko mmoja. Namba nzuri isifute dalili mbaya. Pombe na dawa za usingizi, kwa upande wake, ziacheni kabisa usiku huo, kwa sababu zinaipunguza pumzi wakati ule ule inapohitajika.

Kabla sijafika kwenye swali la saa nane za usiku, kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja, nalo ndilo linalonihangaisha zaidi ninapofikiria makundi ya marafiki. Wagonjwa wa mwinuko huficha dalili. Hawataki kuwaharibia wenzao safari iliyongojewa kwa miezi, hawataki kuitwa wadhaifu, na aliyeumwa mwaka jana ana sababu mbili zaidi za kunyamaza: aliaibika mara ya kwanza, na anajua kwamba baadhi yenu walitaka abaki. Tena oksijeni ikipungua, uamuzi wa mgonjwa mwenyewe ndio wa kwanza kuharibika. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto liitwalo Zénith hadi zaidi ya mita 8,000 wakiwa na oksijeni karibu nao. Wawili walikufa, na Gaston Tissandier aliyenusurika alieleza kwamba hakuhisi mateso yoyote, na alipotaka kuushika mrija wa oksijeni mikono yake haikumtii. Mwinuko wenu ni mdogo sana kuliko ule, na sitaki kuwatisha, lakini tabia ya jambo ni hiyo: aliyeathirika anaweza kuwa wa mwisho kujua.

Kwa hiyo kubalianeni nyumbani, wote watano, tena mbele ya huyo mwenzenu, kwamba kila mtu atasema anavyojisikia mnapofika kambini, kabla ya kulala, na kabla ya kuondoka alfajiri, na kwamba aliyeumwa kichwa na kichefuchefu hapandi hata hatua moja zaidi. Anza wewe kiongozi kusema ya kwako kwa ukweli, kwani kiongozi akijifanya mzima wengine watamfuata. Kubalianeni pia ni nani wawili watakaoshuka na mgonjwa, na kwamba watashuka bila kulalamika. Mgonjwa haachwi peke yake hemani eti wengine wafike kileleni na kumpitia wakirudi, hata kama mwenyewe anawasihi mwende. Gawaneni wawili na watatu katika kulala, na mwenye historia asilale peke yake.

Sasa ni saa nane za usiku na mwenzenu ameamka. Mketisheni, mpeni nguo za joto, kisha muulizeni maswali yanayohitaji akili kidogo: leo ni siku gani, tulipita wapi jana, gari tumeliacha wapi. Halafu mtoeni nje kwenye sehemu tambarare na mumwambie atembee hatua kumi kwa mstari mnyoofu, akiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu mwingine, na mmoja wenu aliye mzima afanye vile vile, ili mpate cha kulinganisha, maana baridi na usingizi humyumbisha kila mtu kidogo. Kama anajibu sawasawa, anatembea sawasawa, na anachosema ni kichwa na kichefuchefu tu, hamna haja ya kumteremsha gizani kwenye njia yenye mawe na makorongo; mguu uliovunjika ni hatari ya kweli kuliko ugonjwa huo katika saa zile tatu au nne za kusubiri. Mpeni dawa ya maumivu, mwinueni kichwa na mabega, mpasheni joto, na mmoja wenu akae macho na kurudia vipimo vile kila baada ya saa moja. Kukipambazuka anashuka, hapandi, hata kama anadai amepona nusu.

Lakini akipepesuka wakati mwenzake mzima hapepesuki, akichanganyikiwa, akiwa mkali au mzito wa kuamka kuliko kawaida yake, mshukuni ubongo. Akihema akiwa amekaa tu, akikohoa mfululizo, kifua kikitoa sauti ya maji au makohozi yakiwa na povu, au midomo na kucha zikibadilika rangi kuliko za wenzake, mshukuni mapafu. Hapo hamsubiri jua. Pigeni simu ya uokoaji kama kuna mtandao, vaeni taa za kichwa, na mteremsheni mara moja, wawili wakimshika na mzigo wake ukibebwa na mwingine. Hatua za kwanza za kushuka ndizo zenye faida kubwa. Lengo ni mita 300 hadi 1,000 chini, au hadi nafuu ya wazi ionekane. Zipo dawa za dharura kama deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu, na daktari wa safari anaweza kuwapa pamoja na maelekezo, ila hazichukui nafasi ya kuteremka. Ndiyo sababu nawasihi, mnapopanda mchana, mgeuke mara kwa mara na kuitazama njia kwa upande wa kushukia, na mkiweza mhifadhi ramani yake kwenye simu inayofanya kazi bila mtandao.

Mambo mawili huiga ugonjwa huu na yanaua. La kwanza ni moshi wa jiko. Kwa baridi ya huko, ambako joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, watu hushawishika kuwasha jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa. Kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi, na huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa vile vile. Wakiugua watu wawili au zaidi kwa pamoja baada ya kupika, watoeni nje kwenye hewa papo hapo kabla ya kufikiria mwinuko. Pikeni nje, daima. La pili ni baridi yenyewe: mtu asiyekula na aliyelala na nguo zenye jasho hupoa haraka, na mwili ukipoa hadi aache kutetemeka huku bado ana baridi, hiyo ni dharura. Badilisheni nguo zote zilizolowa mara mfikapo kambini, na wekeni mkeka mzuri wa kuzuia baridi chini ya mfuko wa kulalia, kwa sababu joto jingi hupotelea ardhini.

Mwisho, kuna watu ambao siwezi kuwashauri kupitia maandishi kama haya, na huenda mmoja wenu yumo bila wewe kujua, waulize wote. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mwinuko huu bila idhini ya daktari wake, na mara nyingi jibu litakuwa hapana. Waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huambiwa kwamba hawana shida yoyote, na wengi wao hupanda salama, lakini imeripotiwa kwamba baadhi yao hupata madhara ya bandama mlimani. Mmoja wao akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ashuke na aende hospitali siku hiyo. Wenye maradhi ya moyo au mapafu, wajawazito, wanaotumia insulini, na yeyote aliyewahi kujaa maji mapafuni kwa sababu ya mwinuko, waonane na daktari wiki kadhaa kabla. Mwenye pumu iliyotulia kwa kawaida anaweza kwenda, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni karibu na mwili isigande.

Mwenzenu naye aende kliniki na ratiba mpya mkononi, imeandikwa mtalala mita ngapi kila usiku, pamoja na maelezo ya mwaka jana: alifika kambini saa ngapi, kichwa kilianza saa ngapi, alitapika lini. Daktari atahitaji hayo kuliko atakavyohitaji kusikia ana mbio kiasi gani. Na mkisharudi, dalili za kawaida zinapaswa kuisha ndani ya siku moja baada ya kushuka. Yeyote ambaye kichwa kinaendelea kumuuma zaidi ya hapo, anayekohoa na kukosa pumzi, anayeona ukungu, au aliyepata udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na anayemsindikiza amweleze daktari wa zamu kwamba mgonjwa ametoka kulala mlimani.